Jinsi ya Kujiandaa kwa Mbio Ndefu Bila Kuangushwa na Mafua: Mwongozo Kamili kwa Wakimbiaji wa Moshi na Arusha

Kila mwaka, kuanzia katikati ya Januari hadi siku ya Kilimanjaro Marathon, wakimbiaji wananiletea malalamiko yale yale: mazoezi yalikuwa yanakwenda vizuri, kisha mafua yakaingia. Mmoja kikohozi kimemganda kifuani, mwingine homa imemlaza siku nne, na karibu wote hurudi barabarani mapema mno na kuugua tena. Wengi wao walishaambiwa wale matunda na kunywa maji ya kutosha, wakafanya hivyo, na bado wakaanguka. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili yao. Unamhusu mtu mwenye kazi au masomo, anayekimbia mara nne hadi sita kwa wiki na kulenga kilomita 21 au 42.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Kukimbia kwa kiasi huisaidia kinga ya mwili, na mbio ngumu pekee ni nadra kumwangusha mtu mzima wa afya. Kinachomwangusha ni mbio ngumu zikifuatwa na njaa, usiku mfupi na daladala iliyojaa, vyote ndani ya saa 24. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kuvitenganisha vitu hivyo.

Vitu unavyohitaji kabla ya kuanza

- Daftari dogo na kalamu, vikae karibu na kitanda.
- Saa inayoonyesha sekunde.
- Kipimajoto cha kwapani. Bila hicho utabaki kukisia kama una homa, na kukisia ndiko kunakowaponza wengi.
- Chupa ya maji iliyoandikwa jina lako.
- Mfuko wenye fulana kavu, taulo dogo, sweta au kanga, na kipande cha sabuni.
- Chakula cha baada ya mbio, kilichoandaliwa kabla hujatoka nyumbani.
- Chandarua chenye dawa, hasa kwa wanaoishi upande wa chini wa Moshi kama Mabogini na TPC.

Hakuna kidonge wala unga wa "kuongeza kinga" katika orodha hii. Sababu yake utaiona katika hatua ya tatu.

Mwenye kisukari, pumu, ugonjwa wa moyo au mjamzito apate kwanza ushauri wa kliniki yake. Anayeishi na VVU na anatumia ARV vizuri anaweza kukimbia kwa kiasi kwa usalama, mradi asiruke dozi kwa sababu ya ratiba ya mazoezi na amweleze mtoa huduma wake kabla ya kuongeza umbali.

Kinachotokea mwilini

Unapoanza kukimbia, moyo huongeza kasi, adrenalini hupanda, na chembechembe nyeupe za damu zilizokuwa zimeshikamana na kuta za mishipa, au zimetulia kwenye bandama, husombwa na kuingia katika mzunguko wa damu. Kwa muda huo askari wa mwili huwa wengi barabarani kuliko kambini. Ukisimama, kundi moja la chembechembe hizo, linaloitwa limfosaiti, hupungua ndani ya saa moja au mbili hata kushuka chini ya kiwango cha awali, hasa kama mbio zilikuwa ngumu na zilizidi dakika 90.

Watafiti wa mwanzo walipouona upungufu huo walisema kinga imedhoofika na mlango uko wazi kwa saa kadhaa hadi siku tatu. Wengine, hasa katika miaka ya karibuni, wanaeleza kwamba sehemu kubwa ya limfosaiti hizo hazijafa bali zimehamia mapafuni, utumboni na kwingineko kufanya doria. Mjadala huo haujaisha, lakini kwa mkimbiaji pande zote mbili zinafikia ushauri mmoja: saa zinazofuata mbio ngumu zinahitaji uangalizi.

Takwimu zinazonukuliwa sana zilitokana na Los Angeles Marathon ya mwaka 1987. Kati ya kila wakimbiaji 100 waliomaliza, karibu 13 walieleza kwamba waliugua katika wiki iliyofuata, ilhali kwa wakimbiaji wenzao ambao hawakushiriki siku hiyo walikuwa karibu 2. Waliokuwa wakifanya mazoezi ya zaidi ya kilomita 96 kwa wiki walikuwa na uwezekano wa kuugua takribani mara mbili ya wale wa chini ya kilomita 32. Takwimu hizo zisomwe kwa uangalifu, kwa sababu wagonjwa walijieleza wenyewe bila kupimwa maabara, na koo huweza kuwasha kwa vumbi na hewa kavu tu. Zaidi ya hayo, siku ya marathoni huja pamoja na safari, wasiwasi, usingizi mbovu na umati, na hayo yote yanaweza kudhibitiwa.

Hatua ya 1: Jipime kwa siku 14

Kila asubuhi, kabla hujainuka kitandani, hesabu mapigo ya moyo shingoni au kwenye kifundo cha mkono kwa sekunde 60. Andika idadi hiyo, saa ulizolala, na neno moja kuhusu hali yako: mwepesi, mchovu, au mzito. Usibadilishe mazoezi yako katika wiki hizi mbili.

Wastani wa siku 14 ndio msingi wako. Mwili unapoanza kupambana na ugonjwa, au unapokuwa haujapona uchovu wa juzi, mapigo ya asubuhi mara nyingi hupanda kabla pua haijaanza kutiririka. Katika kikundi chetu tumejiwekea kanuni hii: yakizidi wastani kwa mapigo 7 au zaidi, siku hiyo ni ya mbio za pole au mapumziko, hata kama ratiba inasema vinginevyo.

Usilinganishe namba zako na za mwenzako. Mmoja ana 48 na mwingine 66, na wote ni wazima.

Hatua ya 2: Panga wiki yenye siku ngumu mbili tu

Siku ngumu ni siku ya vipande vya kasi (kukimbia kwa kasi umbali mfupi, kupumzika, kisha kurudia), ya kupanda mlima kwa nguvu, au ya mbio ndefu. Ziwe mbili kwa wiki, zikitenganishwa na angalau siku mbili za mbio za pole au mapumziko. Mbio za pole ni zile ambazo unaweza kumweleza mwenzako habari ya jana kwa sentensi nzima bila kukatika pumzi. Ukiweza kutamka maneno matatu tu, umeshatoka kwenye pole.

Hapa ndipo wakimbiaji wetu wanapokosea zaidi. Anayeishi Ilboru, Kibosho au Uru akitoka tu mlangoni anakutana na mlima, hivyo kila siku yake inageuka kuwa ngumu bila yeye kukusudia. Katika siku ya pole, tembea sehemu za mwinuko bila aibu, au shuka ukatafute tambarare. Kwa mkaaji wa Moshi, msitu wa Rau una kivuli na njia za udongo ambazo hazikushawishi kuongeza kasi.

Ongeza umbali wa wiki kidogo kidogo, kisha kila wiki ya nne upunguze kwa karibu theluthi moja. Mruko wa ghafla, mfano kutoka kilomita 35 hadi 60 kwa sababu umekumbuka kwamba zimebaki wiki tano, ndio unaotangulia wagonjwa wengi ninaowaona mwezi Februari. Aliyechelewa kuanza ni heri ahamie kilomita 21 mwaka huu kuliko kulazimisha 42.

Dalili kwamba umefaulu ni kwamba unaifikia siku ngumu ukiwa na hamu nayo, na daftari linaonyesha mapigo yamerudi kwenye wastani ndani ya siku moja au mbili baada ya mbio ndefu.

Hatua ya 3: Zilishe mbio zako

Sukari katika damu inaposhuka wakati wa mbio ndefu, mwili hutoa kwa wingi kotisoli, homoni ya msongo, ili kuipandisha, na kotisoli ikiwa juu kwa muda mrefu huitia breki kinga. Ndiyo maana wanga wakati wa mbio una kazi zaidi ya kukupa nguvu ya kufika: unapunguza mshtuko ambao mwili unaupata.

Kwa mbio zinazozidi dakika 90, lenga gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa. Ndizi mbivu moja ya wastani ina takribani gramu 25. Kinywaji cha nyumbani kinafaa pia: chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vitano vya chakula vya sukari vilivyosawazishwa, robo kijiko cha chai cha chumvi, na maji ya limau au ukwaju kwa ladha. Kunywa kidogo kidogo. Jizoeze nacho katika mazoezi, kwa maana tumbo lisilozoea hugoma siku ya mashindano.

Saa mbili kabla ya mbio ndefu, kula kitu chepesi kama uji au viazi vitamu. Mtindo wa kutoka saa kumi na moja alfajiri na tumbo tupu kwenda kilomita 25, halafu kunywa chai ya rangi tu ukirudi, uache kabisa.

Chakula cha wiki nzima nacho kina uzito. Makande, maharage, dagaa, mayai, mtori, maziwa mgando, mnafu, mchicha na parachichi vinatosha. Havihitaji kuongezewa unga wa kopo. Kuhusu vitamini C, majaribio yaliyowajumuisha watu 598, wakiwemo wakimbiaji wa marathoni na wanajeshi waliofanya mazoezi kwenye baridi kali, yalionyesha kwamba waliotumia vidonge vyake walipata mafua karibu nusu ya wenzao, ilhali kwa watu wa kawaida vidonge hivyo havikuzuia mafua. Kwangu mimi habari hiyo inatosha kumfanya mkimbiaji ale mapera, machungwa na ubuyu kila siku, wala haitoshi kumfanya atumie nauli ya wiki kununua vidonge.

Onyo kwa wanawake, na kwa makocha wao: msichana ambaye siku zake zimeanza kuruka miezi tangu aongeze mazoezi huenda anakula pungufu ya anachotumia. Hiyo si ishara ya ukakamavu. Mwili unaofunga uzazi ili kubana matumizi unabana na kinga pia, na mifupa huumia. Apunguze mbio, aongeze chakula, na amwone daktari.

Anayefunga Ramadhani apeleke mazoezi magumu saa moja au mbili baada ya futari nyepesi, na mbio za pole aziweke karibu na wakati wa kufuturu. Mbio ndefu ya mchana wa saumu haina faida inayolingana na gharama yake.

Hatua ya 4: Linda saa moja baada ya mbio ngumu

Nikiruhusiwa kukufundisha hatua moja tu, ningechagua hii.

Jumapili moja ya Januari nilimtazama kijana wa kikundi chetu aliyekuwa amepanda na kushuka barabara ya Mweka, kilomita 26. Jasho lilikuwa limeacha michirizi myeupe ya chumvi mashavuni, na fulana ilikuwa imemgandia mgongoni. Alikaa kwenye ukingo wa mtaro, akapokea chupa ya mwenzake aliyekuwa na kikohozi, akanywa, akafuta pua kwa kiganja, akapanda daladala ya kuelekea Pasua na kusimama katikati ya abiria. Nyumbani alioga, akalala, na hakula mpaka saa tisa alasiri. Jumatano koo lilimuuma. Ijumaa alikuwa kitandani. Mbio zake zilikuwa nzuri sana, na kila kosa lilitokea baada ya kusimama. Nami nilikuwepo na sikumwambia kitu, jambo ninalolijutia hadi leo.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

Kwanza, tembea dakika 10 ili moyo ushuke taratibu. Pili, vua fulana iliyolowa, jifute, uvae kavu na sweta juu yake. Baridi yenyewe haileti virusi. Virusi hutoka kwa watu. Hata hivyo mwili unaotetemeka unaongezewa mzigo juu ya mzigo, na asubuhi ya ukungu Arusha mwezi Julai huo si mzigo mdogo. Tatu, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa uso, kwa sababu mkono huo umeshika uzio, simu na noti. Nne, kula ndani ya dakika 30 hadi 60: ndizi mbili na maziwa mgando, au uji wa ulezi na yai, au kiporo cha makande. Tano, kunywa kutoka chupa yako tu.

Usafiri ndio mtihani mgumu. Kama inawezekana, panga njia yako iishie nyumbani. Kama ni lazima kupanda daladala, kaa karibu na dirisha na ulifungue. Wakati wa mbio ngumu ulikuwa ukivuta hewa kavu na vumbi kwa mdomo, ukaikosesha pua kazi yake ya kuchuja, na kingamwili ya mate iitwayo IgA huweza kupungua kwa muda baada ya mazoezi makali. Kifua cha abiria anayekohoa shingoni mwako, saa hiyo, ni hatari ambayo ingekuwa ndogo zaidi siku nyingine.

Umefaulu ikiwa ndani ya saa moja umekauka, umekula na umenawa, na jioni hujisikii baridi isiyo na sababu.

Hatua ya 5: Lala saa saba au zaidi

Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2015, watu wazima 164 wenye afya walitiwa virusi vya mafua puani kwa makusudi baada ya usingizi wao kupimwa kwa wiki moja. Waliolala chini ya saa sita walikuwa na uwezekano wa kupata mafua zaidi ya mara nne ya waliolala zaidi ya saa saba. Sijaona kidonge chochote chenye uzito huo.

Kwa hiyo, ukilala saa sita usiku kwa sababu ya kazi, usiamke saa kumi na moja kwenda kufanya vipande vya kasi. Hamishia jioni, au fanya mbio za pole dakika 30. Usiku wa kuamkia mbio ndefu na usiku unaofuata ndio wa kulindwa zaidi. Msiba au sherehe ikiangukia hapo, nenda kama inavyopasa, kisha uisogeze mbio na si usingizi.

Hatua ya 6: Punguza vumbi na moshi

Januari na Februari barabara za ndani hutimka vumbi, na asubuhi watu huchoma taka. Kimbia mapema kabla magari hayajawa mengi, chagua njia yenye miti, na ukiona moshi mbele geuza njia. Ukirudi, usiote moto wa kuni jikoni kwenye moshi.

Hatua ya 7: Ukiugua, amua kwa kipimajoto

Pima joto kwanza, kabla ya kumeza chochote. Paracetamol hushusha homa na kukufanya uamini kwamba umepona.

*Dalili ziko juu ya shingo, hakuna homa.* Pua inatiririka au koo linawasha kidogo: unaweza kukimbia pole kwa dakika 20 hadi 30. Baada ya dakika 10 jiulize. Ukijisikia vibaya zaidi, rudi nyumbani ukitembea. Usikimbie na kikundi.

*Dalili ziko chini ya shingo, au joto limefika nyuzi 38.* Kifua kinabana, kuna makohozi, mwili wote unauma, tumbo linaharisha: usikimbie hata kidogo. Baadhi ya virusi vinaweza kushambulia msuli wa moyo, na kuusukuma moyo huo kwa mbio kunaweza kusababisha kifo cha ghafla. Ni nadra, lakini hakuna medali yenye thamani hiyo.

Katika eneo letu homa yoyote ipimwe malaria siku hiyo hiyo, hata kama una mafua na hata kama unaishi Arusha mjini, maana huenda wiki mbili zilizopita ulilala kwingine. Usinunue dawa ya malaria bila kipimo. Vivyo hivyo, usimeze antibayotiki kwa mafua: dawa hizo huua bakteria, na mafua huletwa na virusi. Kikohozi kikifika wiki mbili, nenda ukapimwe kifua kikuu.

Diklofenaki na ibuprofeni usizitumie ili uweze kukimbia. Zikikutana na upungufu wa maji na jua la Moshi huweza kuumiza figo.

Subiri angalau saa 24 bila homa na bila dawa ya kuishusha. Kisha, kwa kila siku moja ya homa, jipe siku mbili za kutembea na mbio za pole kabla ya kugusa siku ngumu. Maumivu ya kifua, moyo kwenda ovyo, kizunguzungu au pumzi kukata kusiko kwa kawaida ni sababu ya kwenda hospitali mara moja.

Wiki moja ya kupumzika haipunguzi uwezo wako wa kukimbia kwa kiasi cha kuonekana. Mwaka ambao mimi mwenyewe nilikimbia nikiwa na nyuzi 38.4 kwa kuogopa kupoteza wiki moja, nilipoteza tano.

Hatua ya 8: Siku 10 kabla na siku 14 baada ya mashindano

Siku 10 kabla, punguza umbali hadi karibu nusu, ukiacha vipande vichache vya kasi ili miguu isisahau. Usijaribu kufidia mazoezi uliyokosa. Epuka mikusanyiko isiyo ya lazima, na ndani ya nyumba yenye mtu mwenye mafua lala chumba kingine kama kipo.

Anayetoka Arusha ashuke Moshi angalau siku moja kabla. Arusha iko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi iko chini zaidi na joto lake la Februari ni kali. Kusafiri usiku na kusimama kwenye mstari asubuhi ile ile ni kujinyima usingizi na mazoea kwa pamoja.

Ukimaliza mbio, hatua ya nne inaanza pale pale uwanjani: fulana kavu, sabuni, chakula. Piga picha baadaye. Siku saba za kwanza usikimbie, au tembea tu. Wiki ya pili iwe ya mbio za pole, zisizozidi dakika 40. Endelea kupima mapigo kila asubuhi. Yakirudi kwenye wastani wako kwa siku tatu mfululizo, na daftari likasema "mwepesi", rudi kwenye ratiba ya kawaida.